Kwilti ya mapangaboi: kasoro zinazoanzia kwenye kiolezo, na namna ya kuzitibu

Kwilti ni aina ya blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja, na pangaboi ni umbo lake la mabawa yanayozunguka kitovu. Pangaboi likikataa kukaa sawa, wa kwanza kulaumiwa ni cherehani, na wa pili ni anayeiendesha. Kiolezo hakiguswi. Kimetulia pale mezani, kipande cha boksi la biskuti kilichochorwa harakaharaka jioni, na tayari kimeshatoa pembetatu zaidi ya mia. Lakini kwenye mtindo huu kasoro nyingi huwa zimeshaingia kabla uzi haujatiwa kwenye sindano, na ukitazama vizuri namna pangaboi lilivyoharibika, lenyewe litakuambia kosa liko wapi.

Tuelewane majina kwanza. Pangaboi moja lina pembetatu nane, nne za rangi nzito na nne za rangi nyepesi. Pembetatu mbili zikiunganishwa kwa ule upande mrefu zinakuwa kimraba, na vimraba vinne vikizungushiwa kitovu vinakuwa pangaboi. Kila mfano hapa chini ni wa pangaboi linalobaki sentimita 20 kwa 20 baada ya kushonwa, kwa nafasi ya mshono ya milimita 7. Kwilti ya kitanda ya sentimita 160 kwa 200 inataka mapangaboi 80, yaani pembetatu 640, na zote zinazaliwa na kiolezo kimoja. Kosa la milimita moja halibaki milimita moja.

Asikutishe mtu kwamba bila vifaa vya dukani huwezi. Mtindo huu umekomaa Marekani, na kule gazeti la Kansas City Star lilichapisha michoro ya kwilti kuanzia 1928 hadi 1961, wasomaji wakikata violezo vyao wenyewe nyumbani. Kile kisu cha gurudumu kinachotumika sana siku hizi kilitolewa na kampuni ya Kijapani ya Olfa mwaka 1979 tu. Kwilti zote za kabla ya hapo zilikatwa kwa mkasi, kama tunavyokata sisi.

Pangaboi limetoka dogo, lakini ncha zote ni nzima

Ukiona mabawa yote yamefika kitovuni, kona zote kali, ila pangaboi lililotakiwa kuwa sentimita 20 limekuja 18, acha kuhangaika na mshono. Umeshona vizuri kabisa. Mishono ikifanana yote, hata kama ni mipana kupita kiasi, pembetatu inapungua pande zote kwa usawa na ncha zinabaki mahali pake. Udogo wenye ncha nzima ni kesi ya vipimo.

Sasa tazama kipimo kimepungua kiasi gani.

Kikipungua sentimita 2 kamili, nina hakika na ulichofanya. Ulichora pembetatu yenye pande fupi za sentimita 10, ukajiambia: milimita 7 huku, milimita 7 kule, jumla sentimita 1.4, basi pande ziwe 11.4. Kwa mraba hesabu hiyo ni sahihi. Kwa pembetatu haitoshi, maana upande mrefu nao una mshono wake, tena wa mshazari, na mshono huo unazila sana zile ncha mbili nyembamba. Pembetatu ya 11.4 ikishonwa pande zote tatu inabaki na pande fupi za sentimita 9. Vimraba viwili vya 9 vikikaa bega kwa bega ni 18. Ndipo zilipokwenda zile sentimita mbili.

Kanuni ni hii: zidisha nafasi ya mshono kwa 3.41, kisha jumlisha na kipimo unachotaka kibaki. Kwa milimita 7 unaongeza sentimita 2.4, kwa hiyo pembetatu yetu inakatwa na pande fupi za 12.4. Anayeshona kwa sentimita 1 anaongeza 3.4. Anayeshona kwa robo inchi anaongeza saba ya nane ya inchi, na ndiyo namba utakayokutana nayo kwenye kila maelezo ya Kimarekani, ikitajwa kama amri bila kusemwa imetoka wapi. Imetoka hapo hapo: 3.41 ni 2 kujumlisha kipeuo cha pili cha 2.

Asiyetaka hesabu achore tu. Kwenye karatasi ya miraba, chora pembetatu ya saizi halisi, sentimita 10 kwa 10. Nje ya kila upande, pamoja na ule mrefu, piga mstari sambamba kwa umbali wa milimita 7, kisha urefushe mistari hiyo mpaka ikutane. Pembetatu ya nje ndiyo kiolezo chako. Ipime: pande fupi 12.4 kila mmoja, upande mrefu 17.5. Ikikataa hapo, kuna mstari umekwenda upande.

Kikipungua chini ya hapo, tuseme pangaboi la 20 limekuja 19 na ushee, na kiolezo ulikichapisha kwenye steshenari kutoka kwenye simu, basi mtuhumiwa ni mashine ya kuchapa. Michoro mingi ya mtandaoni imepangwa kwa karatasi ya Kimarekani yenye milimita 216 kwa 279. Yetu, A4, ni 210 kwa 297, yaani nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Mashine inaubana mchoro ili uingie, na haikuulizi. Mwambie kijana wa steshenari achape kwa asilimia 100, bila kubana, kisha upime kabla hujaondoka kaunta. Usipime ule mraba mdogo wa inchi moja peke yake, kwa sababu upungufu wa asilimia 3 kwenye inchi moja ni chini ya milimita moja na jicho halitauona. Pima mstari mrefu kuliko yote kwenye karatasi. Inchi 6 ni sentimita 15.24. Ukipata 14.8, rudisha karatasi.

Kikipungua sentimita 2 na nusu hivi, na kiolezo ni cha Kimarekani kilichochapwa kwa saizi sahihi, angalia umeshona kwa upana gani. Kiolezo hicho kinategemea robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Mafundi wetu wa nguo wamezoea kuacha nafasi kubwa ili gauni liweze kuachiwa baadaye mwenyewe akinenepa, na mkono uliozoea hivyo unashona sentimita moja bila kufikiri. Kwenye kwilti hakuna atakayenenepa.

Upana wa mshono usipimwe kwa macho, wala usiamini ukingo wa mguu wa cherehani, kwani miguu haifanani. Kata vipande vitatu vyenye upana wa sentimita 5, urefu wowote. Vishone ubavu kwa ubavu, vipige pasi, kisha pima kile cha kati. Kwa mshono wa milimita 7 kinatakiwa kibaki sentimita 3.6. Kikiwa 3.4, kila mshono wako umezidi milimita moja. Bandika selotepu ya karatasi kwenye bamba la cherehani, milimita 7 kutoka sindano inaposhukia, na kitambaa kitembee kikiigusa selotepu hiyo. Halafu rudia jaribio.

Na hili la mwisho kwenye udogo: kuna violezo vya aina mbili, na watu wanavichanganya. Cha kushonea kwa mkono kinakatwa saizi halisi, bila nafasi ya mshono; mstari unaochora ndio utakaopitisha sindano, na mkasi unapita nje yake kwa kukadiria. Cha cherehani kina nafasi ndani yake. Mstari ndio wa mkasi. Ukiazimwa kiolezo na jirani, uliza ni cha aina gani. Ukitengeneza chako, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika: kinabaki ngapi, mshono ngapi. Kiolezo kisicho na maandishi baada ya mwezi ni kadibodi tu.

Ncha zimeliwa, au zinaelea mbali na mshono

Hapa hali ni kinyume. Pangaboi linaweza kuwa na ukubwa sahihi, lakini kule kitovuni bawa moja limekatika ncha, limekuwa butu, au ncha imebaki inaelea milimita mbili kabla ya kufika kwenye mshono. Maana yake mishono haifanani, au pembetatu hazifanani.

Ncha iliyoliwa: mshono wa kuunganisha vimraba ni mpana kuliko inavyotakiwa. Ncha inayoelea: mshono huo ni mwembamba. Yote mawili yakiwa kwenye pangaboi moja, inua mikono kutoka kwenye cherehani, upime vimraba vyako. Kila kimoja, kabla hakijaunganishwa na mwenzake, kinatakiwa kuwa sentimita 11.4 kwa 11.4. Kikiwa 11.4 upande mmoja na 11.1 upande wa pili, kiolezo chako si cha pembe mraba.

Kuijua pembe, usitegemee kona ya boksi. Mashine ya kiwandani imeikunja, haikuipima. Kona ya karatasi mpya ya A4 ni ya kuaminika zaidi. Kisha fanya jaribio la kugeuza: chora kiolezo kwenye karatasi, kigeuze kifudifudi, kona ya mraba ikae palepale na zile pande fupi zibadilishane nafasi. Pembetatu hii ina pande fupi mbili sawa, kwa hiyo ikigeuzwa inatakiwa iufunike mchoro wake bila kubakiza kitu. Ikiacha ukanda mwembamba upande mmoja, umeshampata mwizi.

Kiolezo kikiwa safi, tazama unavyochora. Chaki ya fundi iliyokwisha makali inaweka mstari mnene, na swali linakuwa ni wapi mkasi upite: ndani ya mstari, katikati au nje. Mtu hukata katikati asubuhi, nje jioni akishachoka. Mimi natumia kipande cha sabuni ya mche kilichokauka na kubaki chembamba kama wembe. Mstari wake ni mwembamba na unatoka kwa maji. Penseli iliyochongwa vizuri nayo inafaa kwenye rangi nyepesi. Vyovyote vile, mkasi upite ukingo wa ndani wa mstari, siku zote, ili unene wa mstari ubaki kwenye mabaki.

Kisha kuna zile ncha kali zenyewe. Pembetatu ina kona mbili nyembamba za digrii 45, na ukiweka pembetatu juu ya nyingine ni rahisi moja kuteleza bila wewe kuona, kwa kuwa hakuna kona ya kuishika. Dawa ni kuvikata vile vipembe kwenye kiolezo chenyewe. Pima sentimita 11.4 kutoka kona ya mraba kwenye kila upande mfupi, weka alama, na kutoka alama hiyo kata wima, yaani kwa pembe mraba na huo upande mfupi. Kinatoka kipembe kidogo cha sentimita moja. Sasa kila pembetatu ina kona butu ambazo zinakaa juu ya mwenzake bila ubishi, na vimraba vinatoka bila yale masikio yanayoning'inia ambayo kwa kawaida ungelazimika kuyakata moja moja. Kwa pembetatu 640 hiyo si kazi ndogo uliyojiokoa nayo.

Kwenye mshono wa mwisho, ule unaounganisha nusu mbili za pangaboi, tazama kwa nyuma. Mishono ya mshazari inakatana na kufanya alama ya X pale katikati. Sindano ipite palepale kwenye makutano ya X, au nje yake kwa unene wa uzi mmoja kuelekea ukingo wa kitambaa, usiingie ndani. Ukiona mstari wa milimita 7 haupiti kwenye X, fuata X. Ni afadhali mshono upinde kidogo sana pale kuliko kukata ncha za mabawa.

Kitovu kimefura

Pembetatu nane zinakutana kwenye nukta moja, na kila moja imekuja na nafasi yake ya mshono. Ukikunja yote upande mmoja, katikati panapata kijiwe ambacho ukikipitisha chini ya mguu wa cherehani wakati wa kutia nakshi, sindano inavunjika. Kitenge kizito ndicho kibaya zaidi. Khanga, kwa wepesi wake, inasamehe.

Mwanzo wa tiba uko kwenye vimraba. Nafasi ya mshono wa mshazari ikunjwe kuelekea rangi nzito kwenye vimraba vyote, bila hata kimoja kuasi. Ukifanya hivyo, vimraba viwili vikikutana uso kwa uso mikunjo yao inakuwa imetazama pande tofauti na inashikana yenyewe. Utaisikia kwa kidole kabla hujachoma pini. Nusu mbili za pangaboi nazo zikunjwe zote kuelekea bawa la rangi nzito. Nusu moja ikigeuzwa kuitazama nyingine, mikunjo inakuwa kinyume.

Baada ya mshono wa mwisho, lilaze pangaboi kifudifudi. Pale katikati, juu ya mshono wa mwisho, kuna vishono viwili au vitatu vya ule mshono wa kwanza wa wima vilivyobaki ndani ya nafasi, upande wa juu na upande wa chini. Vifumue kwa ncha ya sindano. Visipite vitatu, wala usifike kwenye mshono wa mwisho wenyewe, maana ukiuvuka tu kitovu kitapata tundu. Sasa sukuma nafasi ya mshono upande wa kulia iende juu, na ya kushoto iende chini. Katikati patafunguka penyewe, na utaona pangaboi dogo la ukubwa wa ukucha limejichora nyuma ya kitambaa. Libonyeze kwa pasi ya moto. Kama bado ni nene, funika kitambaa chenye unyevu, ubonyeze tena, uiache pasi palepale sekunde chache.

Kitovu chenye tundu ambacho hukukifumua ni habari nyingine: vishono vyako ni virefu mno. Punguza urefu wa mshono.

Kingo zinapepea na pangaboi halilali bapa

Lilaze pangaboi mezani. Katikati pamelala, lakini kingo zinainuka na kushuka. Ukivuta ukingo kidogo, unanyooka kama mpira. Hapo kitambaa kimekatwa hanamu mahali pasipotakiwa.

Kitambaa kina mtande, yaani nyuzi za urefu wa jora, na mshindio, yaani nyuzi zinazoukata kwa upana. Kwa kufuata mtande hakivutiki, kwa kufuata mshindio kinavutika kidogo, na kwa mshazari kati ya hiyo miwili kinavutika sana. Pembetatu yoyote ya aina hii lazima iwe na upande mmoja angalau ulioangukia hanamu. Kazi yako ni kuchagua upi. Pande fupi zikifuata nyuzi, hanamu inaangukia upande mrefu, ambao unashonwa mapema na kufichwa katikati ya kimraba ambako hauwezi kutanuka. Upande mrefu ukifuata nyuzi, hanamu inakuja kwenye pande fupi, na hizo ndizo kingo za pangaboi.

Hili linatokea kwa sababu ya ubahili, na ubahili huo naujua sana. Una vipande vya kitenge ulivyopewa kwa fundi, vimekatwakatwa pembeni kwa mashingo na makwapa, na kiolezo hakiingii sawa. Unakizungusha kidogo kikaingia. Pembetatu imepatikana, lakini nyuzi zimekwenda kwingine. Chora mshale mrefu kwenye kiolezo, sambamba na upande mmoja mfupi, na mshale huo ufuate nyuzi kila unapokiweka. Kama kipande hakina ukingo wa jora wa kukuongoza, chomoa uzi mmoja pembeni. Njia ulimopita huo uzi ndiyo rula yako.

Usifuate maua. Khanga na vitenge vingi vimechapwa kwa mchoro usiokwenda sawasawa na nyuzi, na mstari wa pindo la khanga unaweza kukudanganya kwa sentimita nzima kutoka upande hadi upande. Fuata nyuzi, maua yapinde yanavyotaka. Na ukiwa kwenye khanga, kata unavyotaka mji na pindo, ila fikiri mara mbili kabla hujaipitisha pembetatu kwenye jina. Nimeona kwilti nzuri sana yenye bawa lililoandikwa "MWENYE KUSE", na wageni wote hawakuangalia kitu kingine.

Kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, kikaushwe, kipigwe pasi. Ule ukakamavu wa dukani unatoka kwenye maji na kitambaa kinarudi. Pembetatu ya kitenge kilichofuliwa ikishonwa na ya khanga isiyofuliwa, siku ya kwanza ya kufua kwilti utaona kila pangaboi limejikunja kama papa aliyeanikwa juani. Baada ya kufua, tia wanga mwepesi. Kitambaa chenye wanga kinakatika vizuri na upande wa hanamu unatulia.

Na pasi ibonyezwe, isisukumwe. Kusukuma pasi kwenye kimraba kibichi kunatanua ule mshono wa mshazari, na kimraba kilichokuwa cha pande nne sawa kinakuwa kishada.

Pembetatu za leo hazilingani na za juzi

Weka pembetatu ya kwanza uliyokata juu ya ya mwisho. Kama ya mwisho ni ndogo na ncha zake zimeviringika, kiolezo kimelika. Kadibodi ya boksi la biskuti inapoteza kona baada ya kuzungushiwa penseli mara nyingi, na kadibodi yenye mawimbi ndani, ile ya maboksi makubwa ya bidhaa, haifai tangu mwanzo kwa sababu kingo zake zinabonyea kwa kidole. Ukilazimika kutumia kadibodi, paka kingo rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, iache ikauke. Inakuwa ngumu kiasi cha kuvumilia. Au kata violezo kadhaa kutoka kwenye kimoja mama, na huyo mama usimchoree kamwe.

Kama ya mwisho ni kubwa kuliko ya kwanza, sababu ni tofauti kabisa: unakata kwa kufuata pembetatu ya kitambaa. Kiolezo kimepotea chini ya rundo, ukachukua pembetatu iliyokwisha katwa, ukaichora, ukakata, kisha hiyo mpya ukaifanya kiolezo cha inayofuata. Kila kizazi kinaongezeka unene wa mstari. Hii ni tabia ya kuacha leo.

Kitu bora nilichokitumia kwa kiolezo ni filamu ya zamani ya eksirei. Ni ngumu, hailiki kirahisi, mkasi unaikata, na inaonyesha, kwa hiyo unaweza kuliweka ua la kitenge katikati ya bawa kwa kuliona. Ioshe, kata sehemu yenye jina la mgonjwa uitupe. Jalada la plastiki la faili linakaribia ubora huo. Kifuniko cha kopo la aiskrimu kinafaa kwa violezo vidogo, ukichagua sehemu iliyo bapa. Vyote hivi adui yao ni pasi. Dakika moja karibu na pasi na kiolezo kimejikunja, na mkunjo mdogo usioonekana ndio mbaya zaidi kwa kuwa utaendelea kukitumia.

Kikiteleza juu ya kitambaa wakati wa kuchora, bandika msasa laini upande wa chini, makali juu ya kitambaa. Na usikate zaidi ya tabaka nne kwa mkasi. Tabaka za chini husogea, na zinasogea upande uleule kila mara, ndiyo maana kasoro zake zinafanana na unadhani ni kiolezo.

Mabawa hayazunguki

Hapa kiolezo hakina hatia. Ukiona rangi moja imegusana na rangi hiyohiyo, kuna kimraba kimegeuzwa kichwa chini. Ukiona mstari wa mshazari haufiki kitovuni, kimraba kimezungushwa robo. Pangaboi zima likizunguka kinyume na wenzake, vimraba vyote vinne vimegeuzwa kichwa chini kwa pamoja, jambo linalotokea ukishona usiku ukiwa umechoka. Panga vinne vyote mezani, piga picha kwa simu, tazama picha badala ya vitambaa. Macho yanaona kosa kwenye picha haraka zaidi.

Mambo yanabadilika ukitaka pangaboi la mabawa mawili, ambapo nusu moja ya kila kimraba ni pembetatu kubwa na nusu ya pili imegawanywa kwa pembetatu ndogo mbili za rangi tofauti. Kiolezo kikubwa ni kilekile cha 12.4. Kidogo kina hesabu yake: hapo tunapima upande mrefu, na tunazidisha nafasi ya mshono kwa 4.83. Kwa milimita 7 ni sentimita 3.4, hivyo kwa kimraba kinachobaki sentimita 10 upande mrefu wa pembetatu ndogo unakatwa 13.4. Mshale wa nyuzi nao unahama: kwa hizi ndogo ufuate upande mrefu, kwa sababu ndio utakaokuwa ukingo wa nje. Na kwenye kila jozi ya ndogo, rangi ya tatu ikae upande uleule, kulia kwa zote au kushoto kwa zote. Ikihama kwenye kimraba kimoja tu, pangaboi la ndani linakatika.

Zimeshakatwa zote, na ni mbaya

Usitupe. Kama kosa ni udogo tu na zote zinalingana, hakuna kasoro ya kutibu. Shona, utapata kwilti ndogo, au ongeza safu. Mapangaboi ya sentimita 18 yakiwa 9 kwa 11 yanatoa sentimita 162 kwa 198, na hakuna atakayejua.

Kama hazilingani, tafuta iliyo ndogo kuliko zote, tengeneza kiolezo kipya kinachoingia ndani yake, kisha pitia rundo zima na uzipunguze. Zilizokatwa hanamu zitenge kando. Zitie wanga, zishone kwa upande mrefu na nyingine iliyokatwa vizuri, na zisambaze katikati ya kwilti ambako majirani watazishika, mbali na ukingo wa nje. Na kabla ya kuanza rundo jingine, shona pangaboi moja la majaribio kutoka kwenye kiolezo kipya, ukipima kila hatua: pembetatu 12.4, kimraba 11.4, pangaboi kabla ya kuunganishwa na wenzake 21.4, na kona hadi kona yake sentimita 30.3 kwa njia zote mbili.